Hela ikishaingia, ndipo kazi inaanza

Nilipotea kidogo, si kwa kupenda. Bumu lilichelewa, halafu test mbili zikapangwa wiki moja. Leo naandika nikiwa hosteli, jirani kafungulia muziki hadi mwisho, lakini tutaelewana hivyo hivyo.

Juzi kwenye kipindi cha uongozi wa shule mhadhiri alisema mwalimu mkuu ni mhasibu asiye na cheti. Darasa zima likacheka. Mimi nilikumbuka mwaka 2022, nilipomaliza Fomu Siksi na kurudi nyumbani Ngara, upande wa Rulenge, kusubiri matokeo. Kijiji kilikuwa kimepata ruzuku ya TASAF ya kujenga nyumba ya walimu, na mweka hazina wa kamati ni mama yangu mzazi. Elimu yake darasa la saba. Alichaguliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa watu kunyoosha mikono, kwa sababu kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa haijawahi kupotea hata shilingi mia.

Kwa wasiojua, TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ulianza mwaka 2000, awamu ya pili ikaja 2005, na ya tatu ndiyo ile mnayoisikia sana ya kaya maskini. Kuna pia upande wa miradi: shule, zahanati, maji. Wanakijiji wanachagua kamati yao, hela inaingia kwenye akaunti kwa mafungu, na fungu linalofuata haliji mpaka mtoe hesabu ya lililotangulia. Wananchi nao wanachangia mawe, mchanga na nguvu zao.

Kwetu Ngara hilo lina uzito wake. Wazee wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao laki mbili na nusu walipovuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Baada ya hapo magari ya mashirika yalijaa wilayani. Miradi ilikuja na wenyewe, ikaondoka na wenyewe. Sasa hela iko mikononi mwa akina mama wanaolima maharage na migomba. Ikipotea, hakuna mzungu wa kumsingizia.

Basi bwana, ngoma ilianza benki. Watia saini lazima waende mjini wote, na milima yetu mnaijua, mvua ikinyesha bodaboda inapanda bei. Mzee mmoja alijifunza kuandika enzi za kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na saini yake kila siku ina sura mpya. Kaunta ikamkatalia. Wakarudi mikono mitupu, na nauli imeshaliwa. Nauli yenyewe inatakiwa iandikwe! Jioni ile mzee alikaa nyumbani kwetu akijaza daftari zima kwa saini. Safari ya pili ilipita, akarudi anatamba kama kashinda ubunge.

Ikaja ishu ya risiti. Saruji na mabati unanunua dukani, unadai risiti ya mashine. Lakini muuza duka mmoja alimwandikia mama karatasi ya mkono, akamwambia mashine mbovu, njoo kesho. Kesho ni nauli nyingine. Mama akamjibu, "Mwanangu, basi na saruji yako itabaki hapa mpaka kesho." Mashine ikapona palepale, sijui nani aliitibu.

Mawe je? Kijana aliyeponda kokoto hana mashine wala kitabu cha risiti. Hapo tuliandika hati ya malipo: jina, kazi aliyofanya, kiasi, tarehe, saini yake au dole gumba, na shahidi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika na kutafsiri. Fomu zinasema "marejesho ya masurufu", bibi mmoja wa kamati akaniuliza, "Masurufu ni ugonjwa gani, mjukuu wangu?" Nikamweleza kwa Kihangaza: ni hela uliyopewa ukanunulie kitu, sasa rudi useme umenunua nini na imebaki ngapi. Akasema, "Si ndivyo ninavyomtuma mtoto dukani?" Ndivyo hivyo, bibi. Uhasibu wote ndio huo.

Maneno yalianza ukuta ulipofika kwenye linta. Fungu la pili lilikuwa halijaja, mafundi wamesimama, na kilabuni kwenye rubisi watu wakaanza kusema kamati imekula. Mama alinunua kitenge kipya kwa hela ya kahawa yake, ikawa ushahidi. Wiki ile hakula vizuri. Usiku anawasha tochi ya simu, anajumlisha tena, jibu ni lilelile.

Mkutano mkuu wa kijiji ulipoitishwa, aliomba hesabu zisomwe zote, mstari kwa mstari. Nilisoma mimi, saa nzima. Mzee mmoja akasimama: saruji mifuko 120 imenunuliwa, iliyotumika 114, sita iko wapi? Mama hakujibu. Alitoa ufunguo wa stoo akampa yeye mwenyewe, akahesabu mbele ya watu. Sita. Hakuna aliyepiga makofi, ila mzee alirudisha ufunguo kwa mikono miwili, akamwita "mama" mbele ya watu. Fungu la pili lilikuja baadaye, nyumba ikaezekwa.

Sasa wenzangu wa ualimu, hili linatuhusu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ziende shuleni na 4,000 za vitabu. Ukipangiwa shule yenye walimu wanne, kuna siku utapewa daftari la fedha hata kama somo lako ni Historia. Nilichojifunza kwa mama:

1. Andika siku ileile. Kesho utasahau, na kusahau kunafanana sana na kuiba.
2. Anayeshika hela asiwe ndiye anayeshika ufunguo wa stoo. Kwetu ufunguo ulikaa kwa mtunza stoo, mama aliuomba siku ya mkutano tu.
3. Muhtasari wa kila kikao, na saini za waliokuwepo.
4. Soma hesabu hadharani kabla hujaombwa, kwa lugha watu wanayoelewa.

Sitawadanganya, karatasi zinachosha. Lakini nimeona kwa macho yangu karatasi zikimlinda mama ambaye hana wakili wala mjomba serikalini.

Haya, muziki wa jirani umezimwa, umeme umekatika. Alamsiki, na test njema.