Chupa ya Sita Ibaki Nusu

Tulipokuwa watoto Tanga, swali kuhusu oili lilikuwa moja tu: imo au haimo? Mjomba alikuwa na Peugeot 504, aina ya gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na sisi watoto tuliliheshimu kupita kiasi. Siku ya kumwaga oili, fundi alivuta oili namba 40 kutoka kwenye pipa kwa pampu ya mkono, akaipima kwa kopo, akaimimina. Kisha alichomoa stiki, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena na kumwonyesha mjomba. Oili chafu ilichukuliwa na jirani akapake nguzo za banda lake, mchwa wasizile. Hakuna aliyesoma lebo. Injini ile haikuwa na makuu. Lakini mjomba, pamoja na kumwamini fundi wake, hakuondoka mpaka boneti lifungwe. “Mjomba,” aliniambia, “oili huangaliwa kwa macho.”

Miaka ya 2000 nilikuwa Uingereza, na huko nikanunua BMW M3 iliyokwisha kutumika, ile ya umbo la E46. Injini yake, S54, ina silinda sita, ujazo wa lita 3.2, nguvu za farasi 343, na inazunguka hadi mara 8,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, kinachozuia beringi za konrodi zisisagane na krankishafti ni utando mwembamba wa oili. Magari ya miaka ya mwanzo yalipata sifa mbaya kwa beringi hizo kuliwa, na BMW ikayaita mengi yabadilishiwe. Oili iliyoagizwa kwa injini hiyo ilikuwa 10W-60. Namba ya kwanza hueleza inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili hueleza mnato wake ikifika nyuzi 100. Sitini ni nzito kweli, na ndiyo iliyotakiwa.

Gari lenyewe lilikufundisha adabu. Kwenye saa ya mizunguko kulikuwa na taa ndogo zilizokuonyesha mwisho wa kukanyaga mafuta. Injini ikiwa baridi, taa nyingi ziliwaka na kukubana chini. Oili ilipopata joto zilizimika moja baada ya nyingine, na ukapewa ruhusa ya kwenda juu zaidi.

Basi nikalipeleka kwa wakala mmoja kufanyiwa sevisi. Karani alinipa karatasi ya kazi nitie saini, nikaisoma: oili 5W-30, lita 6.5. Hiyo ndiyo hesabu ya E46 za kawaida za silinda sita. M3 hunywa lita 5.5, tena za 10W-60. Yaani wangeweka oili nyepesi kuliko inayotakiwa, na kuzidisha lita nzima juu yake. Oili ikizidi, krankishafti huipiga mpaka ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Nilipomwonyesha karani, hakubisha. Aliingia ndani, akarudi na mkuu wa mafundi, na karatasi ikaandikwa upya. Ndipo nilipoelewa kosa linavyozaliwa. Karakana ile ilikuwa na tangi kubwa la 5W-30, mpira ukishuka kutoka darini. Fundi alibonya kitasa na mita ikahesabu lita. Oili ya M3 ilikuja katika chupa za lita moja moja, za kwenda kuombwa stoo, na bei yake ilikuwa ya juu. Hakukuwa na hila. Kazi ilienda kwa mazoea ya gari linaloingia mara nyingi, na langu halikuwa hilo.

Tangu hapo nikawa na desturi. Nilihakikisha aina na kiasi cha oili vimeandikwa kwenye karatasi kabla ya kuacha ufunguo. Nilikagua kama ankara inataja chupa sita za 10W-60. Na kwa kuwa injini huchukua lita 5.5, niliomba chupa ya sita, ikiwa nusu, iwekwe kwenye buti. Nusu ile ilinitosha kuwa ushahidi, na ilinifaa kuongezea baadaye.

Kisha mambo yakageuka tena. M3 iliyotoka mwaka 2014 ina turbo mbili, na oili yake si 10W-60 tena. Ni nyepesi, yenye idhini ya BMW inayoitwa LL-01. Stiki nayo imeondolewa: kiwango cha oili kinasomwa kwenye kioo. Rafiki yangu mwenye gari hilo alimkalia kooni karani akidai 10W-60, kwa kuwa alisikia kwamba kila M hutumia hiyo. Safari hii karani ndiye aliyekuwa sahihi. Na hata 5W-30 si moja: kopo moja lina idhini ya LL-01, jirani yake LL-04, iliyotengenezwa kwa kufikiria magari yenye vichujio vya moshi wa dizeli. Namba za mbele ni zilezile.

Siku hizi nikiwa Dar es Salaam naona vijana wenye Subaru WRX STI zilizotoka Japani, na vitabu vya Kijapani wasivyoweza kuvisoma. Wanaulizana oili, na kila mmoja ana jibu la rafiki yake. Wengine wanahofia oili bandia, hivyo kopo likiisha wanalitoboa ili lisijazwe tena. Hilo wanafanya vizuri.

Mimi huwaambia hivi: oili sahihi si ile ghali, wala ile nzito, ni ile aliyoitaja mtengenezaji wa injini yako, ya mwaka wako. Tafuta namba ya injini, soma kitabu au mtafute wa kukutafsiria, kisha andika aina, idhini na lita kwenye karatasi ya kazi kabla hujatoa ufunguo. Ona kopo likifunguliwa. Ukikataliwa kuona, kachukue gari lako.