Dehu, Kwenye Ngazi za Mto Indrayani

Nilikwenda Dehu kwa ajili ya mto. Mji wenyewe ni mdogo, kilomita 30 hivi kutoka Pune, jimboni Maharashtra, India. Shuka ngazi za mawe kandokando ya hekalu, uvue viatu, utie miguu majini. Huo ndio Indrayani, na habari zote za mshairi Tukaram zinaanzia na kuishia humo.

Alizaliwa hapa mwanzoni mwa karne ya 17, katika nyumba ya wakulima wenye duka la nafaka. Njaa kuu ya miaka ya 1630 ilimchukulia mke wake wa kwanza, na duka likafilisika. Husimuliwa kwamba alizitoa hati za watu waliokuwa na deni kwao, akampa mdogo wake Kanhoba nusu, na fungu lake akalitosa mtoni. Mtu aliyefilisika anazamisha fedha anazodai! Nilikaa kwenye ngazi zile muda mrefu nikilifikiria hilo tu.

Kisha akaanza kutunga. Tungo zake, ziitwazo abhanga, ni za kumwimbia Mungu Vitthal kwa Kimarathi, lugha ya sokoni na shambani. Baadhi ya Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, walikasirika: mtu wa tabaka la chini amepata wapi idhini ya kufundisha dini? Madaftari ya tungo zake nayo yakatoswa mtoni. Tukaram akaketi ukingoni bila kula, na siku ya 13, waumini husema, yakaelea juu, hayajalowa hata ukurasa. Mto ule ule uliomeza madeni ukarudisha mashairi. Nami naamini yalikuwa yamekwisha kuingia vifuani mwa watu, mahali ambapo maji hayafiki.

Leo ndani ya Gatha Mandir, hekalu kubwa lililo karibu na mto, tungo hizo zaidi ya 4,000 zimechongwa kwenye kuta za marumaru. Sijaona jengo jingine linalompa mshairi heshima kama hii. Watu hawapigi picha tu. Husimama wakasoma, na anayesoma hujikuta anaimba.

Ukiweza, nenda Juni au Julai, msafara wa mahujaji unapoondoka. Machela yenye makubadhi ya Tukaram hubebwa hadi mji wa Pandharpur, mwendo wa wiki tatu hivi, desturi iliyoanzishwa na mwanawe Narayan mwaka 1685. Wanaume hupiga matuazi na ngoma. Wanawake hujitwika vyungu vya mrehani. Huko mwisho wa safari Vitthal anawangoja, amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni.

Mimi nilifika msimu wa kimya. Jioni mama mmoja alitoka hekaluni akiimba kwa sauti ya chini, akashuka ngazi, akachota maji kwa kiganja na kuyapaka machoni. Wimbo haukukatika.