Nyimbo Zenye Neno

Msomaji kijana, kama umekatazwa rege na nyimbo za kufokafoka kwa kuwa ni upuuzi wa wavivu, sitakuambia uwaasi wakubwa wako. Nitakusimulia tu habari za babu yangu wa Sangailu, ambaye naye hakuzipenda.

Sangailu ni mji mdogo wa wafugaji katika kaunti ya Garissa, si mbali na mpaka wa Somalia. Usiku, ng'ombe wakiisha kuingia zizini, husikii ila redio na wazee wakighani mashairi. Babu alihifadhi mashairi ya Sayid Mohamed Abdullah Hassan, aliyepigana na Waingereza, Waitaliani na Waethiopia kwa miaka ishirini hivi, hata akafa mwaka 1920. Mashairi yale yalikuwa silaha sawa na bunduki: yalimtukana adui, yalimwaibisha mwoga, nayo yalivuka nyika kwa midomo ya watu. Basi siasa ndani ya wimbo si kitu tulicholetewa na wageni.

Alipokuwa mzee sana nilimsikilizisha K'naan, mzaliwa wa Mogadishu, mpwa wa mwimbaji mashuhuri Magool, aliyeikimbia vita mwaka 1991 akiwa mtoto. Nikamfasiria. Babu akauliza, "Anashika herufi gani?" Maana katika gabay la Kisomali herufi moja hurudiwa katika kila mstari, toka mwanzo hata mwisho. Nikasema hashiki yoyote. "Basi anachunga bila fimbo," akasema. Lakini alisikiliza hata mwisho. Wewe nawe msikilize, hasa santuri yake ya mwaka 2005. Wimbo wake wa bendera uliochezwa Kombe la Dunia mwaka 2010 ulikuwa umepunguzwa maneno ya vita na ukimbizi. Utafute ule wa kwanza. Watafute pia Waayaha Cusub, vijana wakimbizi walioungana mtaani Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004. Kiongozi wao alipigwa risasi mwaka 2007, akapona, akaimba tena. Upuuzi haupigwi risasi.

Lakini wimbo ulionifundisha kusikiliza ni wa zamani zaidi. Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, nikarudi likizo na kaseti ya Bob Marley niliyoazima kwa mwenzangu. Babu aliupenda mdundo, akadai kuwa ni dhaanto, ngoma yetu, iliyopotea njia. Palikuwa na wimbo uitwao "War", wa mwaka 1976. Nikamweleza maana yake: kwamba ubaguzi wa rangi na utawala wa kikoloni huzaa vita.

"Neno zuri," akasema. "Limesemwa na nani?"

Hapo nilisita, msomaji, kwa kuwa nilijua. Karibu maneno yote ya wimbo ule yametoka katika hotuba ya Mfalme Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa, mwezi wa Oktoba 1963. Alizitaja Angola, Msumbiji na Afrika Kusini. Naye ndiye aliyeitawala Ogaden, nchi ya jamaa zetu, bila ya kuwauliza wenyewe kama wapenda. Ningeweza kusema uongo. Nilisema kweli.

Babu alinyamaza kitambo kirefu, akichezea ushanga wa tasbihi. Mwaka ule ule wa 1963, mwezi wa Desemba, ndipo mkoa wetu ulipowekewa sheria ya hali ya hatari, isiyoondolewa hata mwaka 1991. Wazee wa Sangailu hawana haja ya kitabu kuukumbuka.

"Aliyasema hayo kwa ajili ya watu wa mbali," akasema mwishowe. "Mwimbaji huyu aliyajua ya Ogaden?"

Nikajibu kwamba Marley alimheshimu mfalme kwa imani yake ya Kirastafari, na labda habari zetu hazikumfikia.

"Basi wewe umezijua zote mbili," akasema babu. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, na sauti imeanza kuburuta. Akaisogeza redio karibu na goti lake.

"Irudishe, mjukuu wangu. Nifasirie tena, polepole."