Ubao wa Tatu

Ukipewa randa ya mbao uiangalie kama ni nzuri, usianze na kisu. Igeuze, uangalie tumbo lake. Kisu butu hunolewa kikakata. Tumbo lililopinda huupitisha upinde wake kwa kila ubao, ubao unakuwa meza, na mwenye meza ataishi akikunja karatasi na kuipachika chini ya mguu mmoja.

Hapa Lusangi, Maniema, mashariki mwa Kongo, wengi wetu tunaofanya useremala nyumbani, uani, chini ya kibanda cha majani, tunajitengenezea randa zetu. Si kwa mapenzi ya mambo ya kale. Randa ya chuma ikitoka Kalemie, Uvira au Bukavu hupita mikono mingi, mvua nyingi na vizuizi vingi vya barabarani, na mara nyingi humalizia safari juu ya baiskeli inayosukumwa kwa miguu. Kila anayeigusa huongeza chake. Ikifika, si ajabu ukakuta kisu chake hakishiki makali hata kwa ubao mmoja wa mvule.

Kisu tunakipata kwenye malori yaliyokufa. Mhunzi hukata kipande cha resori, ile springi ya lori, au akipata tupa kuukuu hufurahi zaidi, maana chuma chake ni kigumu kuliko cha resori. Kikishapata umbo hukitia motoni, akawa anakigusisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku ikiacha kukishika, joto limetosha; hapo hapo anakizamisha katika mafuta ya mawese, na harufu inawaleta watoto wakidhani kuna kinachokaangwa. Sasa kimekuwa kigumu mno, kikianguka kitavunjika. Kwa hiyo hukisugua upande mmoja mpaka ung'ae, akakiweka pembeni mwa makaa na kutazama rangi zikitembea juu yake: kwanza manjano ya nyasi kavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Anataka yale manjano yafike kwenye makali na yasipite hapo. Ukimsemesha wakati huo hakujibu.

Mwili wa randa nautoa kwenye nguzo za nyumba zilizobomolewa, mti uliokaushwa na moshi wa jiko miaka mingi mpaka ukaacha kujipindapinda. Badala ya kuuchimba tundu kwa patasi, naupasua pande mbili, nakata mteremko wa nyuzi 45 katika kipande cha kati, kisha naunganisha vyote upya kwa gundi na kupitisha kijiti cha kuzuia kabari. Njia hiyo ilienezwa sana na James Krenov, mzaliwa wa Siberia aliyefundisha useremala Marekani na ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1976. Ni njia nzuri kwa mtu asiye na patasi nyingi.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye tumbo. Tumbo hunyooshwa kwa kulinganishwa na kitu kilichonyooka. Na hicho kilichonyooka kilinyooshwa kwa nini?

Mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha njia ya mbao tatu. Kwa muda mrefu nilidhani ni ujanja wa huku huku. Baadaye nikasoma kwamba Mwingereza Joseph Whitworth, aliyekuwa amefanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay jijini London, aliieleza mwaka 1840 mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow, yeye akizungumzia mabamba ya chuma.

Inakwenda hivi. Chukua mbao tatu nyembamba zilizokauka. Piga randa ukingo wa ya kwanza na wa ya pili mpaka, ukiziweka ukingo kwa ukingo na kuziinua mbele ya jua, mwanga usipenye. Mwenye haraka ataishia hapo. Zimekubaliana, anataka nini tena? Lakini huenda ya kwanza imevimba katikati na ya pili ina bonde la kina kile kile, zikakaana bila kuacha upenyo. Basi ilete ya tatu, uilinganishe na ya kwanza mpaka nazo zikubaliane. Kisha, bila kugusa kitu kingine, ikutanishe ya pili na ya tatu. Zote mbili zimeifuata ya kwanza, kwa hiyo zote zina bonde, na mabonde mawili hayawezi kufichana. Mwanga unatokea katikati, na kosa linaonekana maradufu. Unapunguza ncha za kila moja kidogo, unarudia mzunguko. Siku mbao zote tatu zitakapokutana mbili mbili kwa zamu na mwanga usipite popote, zimenyooka.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba hakuna hata moja iliyokuja imenyooka. Ubao wa tatu si hakimu, wala haukutoka mbali. Nao umepinda kama wenzake. Unachofanya ni kuwanyima wale wawili nafasi ya kumaliza jambo peke yao.

Tangu hapo sipumui haraka nikisikia watu wawili wamepatana. Huku bondeni majirani wawili waligombania mpaka wa mashamba yao mpaka tukawachoka. Kisha wakapatana, kuku akachinjwa, wazee wakasifu. Kila mmoja alitoka pale ameridhika, tena ameongezewa hatua kadhaa. Hakuna aliyeuliza nyongeza hiyo imetoka wapi, mpaka akina mama wanaoteka maji waliposhindwa kupishana na bidoni zao kichwani. Kilichogawanywa kilikuwa njia ya chemchemi. Wale mabwana hawakuwa waongo. Walilingana kabisa, kila bonde na uvimbe wake. Akina mama ndio hawakuwa wameitwa.

Na historia yetu ya Maniema nimeanza kuisoma hivyo. Novemba 1876 Henry Morton Stanley na Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip wa Kasongo, waliondoka Nyangwe pamoja kuufuata mto Lualaba. Stanley alitoa kitabu mwaka 1878. Tippu Tip naye aliandika maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Wanabishana: fedha za mapatano, ahadi, nani alimtupa nani njiani. Wasomaji hufurahia mabishano hayo, na pale vitabu vinapokutana husema hapo basi ndipo ukweli ulipo. Mimi nadhani hapo ndipo pa kuinua mbele ya jua. Wote wawili walikuwa wakuu wa misafara. Lililowafaa wote lingepita bila upenyo. Anayekosekana ni mpagazi, au mwanamke aliyebeba mtoto akakimbilia msituni aliposikia bunduki. Vipande vya neno lake bado vinasikika kwa mabibi zetu jioni, na sisi tuliosoma ndio wa kwanza kuwakatiza, tukisema bibi amechanganya miaka.

Nirudi kwenye kazi. Ukishapata ubao wa kuaminika, upake masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta kidogo, upitishe juu yake tumbo la randa mpya. Palipoinuka patatoka peusi. Unapakwangua polepole kwa kipande cha chuma, unapitisha tena, madoa yanazidi kuenea, mpaka weusi ushike mbele ya mdomo, nyuma ya mdomo na mwishoni. Hapo pachika kisu, gonga kabari, ujaribu. Maranda yakitoka membamba na marefu bila kukatika, hutahitaji kuuliza mtu. Mvua zikianza Septemba utarudia kidogo, maana mti hunywa unyevu hewani. Kwa hili wenye randa za chuma hutucheka, nasi tunawacheka zao zikishika kutu.

Mwaka jana kijana anayejifunza kwangu alirudi kutoka Kalemie na rula ya chuma inayong'aa. "Papa," akasema, "zile mbao zako sasa tuzichome." Tukaisimamisha rula juu ya ukingo wa ubao wa kwanza, mwanga ukapita karibu na ncha. Akauliza kipi kimepinda. Nikamwambia vitu viwili havijibu swali hilo. Akaenda ukutani akautungua wa pili, na mwanga ukapita pale pale. Akautungua na wa tatu, vivyo hivyo. Aliigeuza rula, akasoma bei iliyobaki nyuma yake kwa kalamu ya wino, akacheka peke yake, kisha akaitundika pamoja na vitu vya kupimia urefu.