Tunalea wasomi, tunasahau wasomaji

Kitenzi ni kimoja, kusoma, lakini kimezaa watu wawili: msomi na msomaji. Msomi ni yule aliyekwenda shule akafika mbali, ana cheti, na picha yake ya joho mama ameitundika sebuleni. Msomaji ni yeyote mwenye kitabu, gazeti au simu mkononi na macho yake yapo kwenye maandishi. Mtu anaweza kuwa wa kwanza asiwe wa pili. Anaweza pia kuwa wa pili bila kuwa wa kwanza.

Majumbani tunawachanganya hawa wawili. Mtoto akiambiwa "nenda kasome" anajua anatumwa kwenye madaftari. Akishafanya mtihani wa kidato cha nne, majirani wanauliza kama bado anasoma, na jibu likiwa "nimeacha" hakuna anayeshtuka. Kijana wa miaka 18 anatangaza kuwa ameacha kusoma kama anavyotangaza kuwa amehama mtaa.

Sikuwahi kulitilia maanani jambo hili hadi usiku mmoja wa likizo, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, nilipotoka na marafiki niliokua nao Tanga.

Matembezi ya Ngamiani

Tulikuwa watano, wote tumemaliza kidato cha nne katika sekondari moja ya kata. Mmoja alikuwa dereva wa bodaboda, mwingine fundi simu, wa tatu akiuza duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake. Wa nne ni shoga yangu wa tangu utotoni, ambaye alikuwa anasuka nywele saluni na tayari ana mtoto wa miaka mitatu. Wa tano ni mimi, ambaye kwao sikuwa na jina tena. Nilikuwa "Msomi".

"Msomi, huko kwenu mnakula mihogo kweli?"

"Mpisheni Msomi akae, msije mkamchafua."

Kwetu utani ni mapenzi, nami nilicheka pamoja nao. Lakini kila jina hilo lilipotajwa nilihisi nimesogezwa kidogo pembeni, kama mgeni anayepewa kiti kizuri ili asiingie jikoni.

Mama aliniruhusu kutoka kwa sharti kwamba saa nne usiku niwe nimerudi, na anirudishe yule wa bodaboda kwa sababu anamfahamu mama yake. Tukala mishkaki na mihogo ya kukaanga Ngamiani, kisha tukasogea Raskazone kupunga upepo wa bahari. Hapo ndipo fundi simu aliponiuliza, "Hivi huko chuo kwa muhula mmoja mnasoma vitabu vingapi?"

Nikamweleza maisha ya chuo yalivyo. Wanafunzi wengi tunasoma madesa, yaani karatasi za muhtasari zinazotolewa kopi na kurithishwa mwaka hadi mwaka. Mtu anameza kurasa mia mbili wiki ya mtihani, na mtihani ukiisha karatasi zile zinafungia maandazi. Kitabu kizima, cha kuanza ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, si jambo la kila muhula.

"Kumbe hata nyie hamsomi!" alisema, akafurahi kwelikweli.

Yule wa bodaboda, ambaye alikuwa kimya, akasema, "Mimi mwezi huu nimemaliza vitatu."

Tukamgeukia. Akatoa simu, akatuonyesha. Alikuwa anasoma simulizi zinazotumwa kipande kimoja kila jioni. Mtunzi anakatisha pale risasi inapotoka kwenye bunduki, anaandika "itaendelea kesho", na asiyeweza kusubiri anatuma buku moja apewe hadithi nzima. Alikuwa anasoma kijiweni akisubiri abiria. Alianza tangu tupo shule, alipokuta kwenye sanduku la baba yake vitabu vilivyochakaa vya Elvis Musiba, vile vya mpelelezi Willy Gamba.

Nikakumbuka siku aliyokamatwa nacho kimoja, amekifunika na kitabu cha jiografia. Mwalimu alimchapa, akakichukua kile kitabu, akamwambia asome.

Tulicheka hadi watu wa pembeni wakatugeukia. Lakini fikiria kidogo. Kijana yule alikuwa anasoma kuliko sote darasani, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba alichokuwa anafanya kilikuwa kusoma. Alipofeli, kila mtu akasema hapendi kusoma. Naye akaamini.

Karatasi ndani ya pochi

Shoga yangu hakuchangia lolote. Alisema tu, "Mimi kusoma niliacha siku matokeo yalipotoka."

Tulipoanza kujikung'uta mchanga ili tuondoke, akanivuta pembeni, akafungua pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni ya hotelini. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya dawa. Mwanawe alikuwa amekohoa na kupata homa, akanunua antibayotiki ya maji katika duka la dawa la mtaani. Siku ya tatu mtoto alikuwa anacheza. Alichotaka kujua ni kama dawa iliyobaki anaweza kuihifadhi hadi atakapougua tena.

Ile karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama ufuta. Alikuwa ametembea nayo siku tatu akitafuta mtu wa kumwonyesha bila kuaibika.

Kusoma alikuwa anajua. Ujumbe wa pesa kwenye simu alikuwa anausoma vizuri sana, na orodha ya madeni ya saluni aliiandika yeye. Tatizo lilikuwa jingine. "Nikiona maandishi mengi moyo unanienda mbio," aliniambia. "Naona kama naulizwa swali."

Siri haikudumu, maana wale wengine walishasogea. Fundi simu akawasha tochi, tukainamisha vichwa vitano juu ya karatasi moja. Mimi nikawa nasoma Kiingereza na kutafsiri. Nikasema, "Usisimamishe matibabu kabla ya muda uliopangwa." Wa bodaboda akanikata: "Sema usikatishe dozi." Shoga yangu akaitikia kwa kichwa. Mara hii alikuwa ameelewa.

Tukafika kwenye kipimo, mililita 5. Nikamuuliza anatumia kijiko gani. Dukani alikuwa ameambiwa "kijiko kimoja mara tatu", basi.

"Hiki chetu cha kulia wali," alijibu.

Kijiko kikubwa cha chakula huchukua karibu mililita 15. Hiyo ni mara tatu ya kipimo kilichoandikwa. Kijiko kidogo cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi alikuwa amempa mtoto achezee.

Tulinyamaza. Upepo ulikuwa unavuma na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Wa dukani, ambaye kila siku anapima misumari na rangi, ndiye aliyesema, "Sasa asubuhi tunakwenda zahanati. Wote." Na asubuhi tulikwenda. Mtoto alipimwa, akaonekana salama, na mama yake akaelekezwa upya: dawa apewe kiasi gani, kwa siku ngapi, na kwa nini antibayotiki haiwekwi akiba. Dawa ya unga iliyokwisha kuchanganywa na maji ina siku chache tu za kutumika. Na dozi inayokatishwa au kutumiwa ovyo huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa, ndiyo huo usugu tunaousikia kila siku.

Usiku ule nilifika nyumbani saa tano kasoro. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. Nikamwambia tulichelewa kwa sababu tulikuwa tunasoma. Hakuniamini.

Wazee wetu walisoma pamoja

Baadaye, kazi yangu ya kuandika habari za afya ilinikutanisha na historia ambayo ilinirudisha kwenye ule mwanga wa tochi. Mwaka 1970 Tanzania iliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi vijijini na mitaani, wakasikiliza kipindi cha redio, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadili: malaria, minyoo, kichocho, kuhara. Kilichofuata baada ya kusoma ni kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki.

Hakukuwa na mtihani wa mwisho wala wa kwanza na wa mkia. Asiyejua herufi alikaa karibu na anayejua, akasikiliza, akauliza, akachangia alichokiona kwenye shamba lake. Kusoma kulikuwa shughuli ya kikundi, na matokeo yake yalionekana nyuma ya nyumba, pale choo kipya kilipojengwa.

Nasi watu wa Tanga tunajivunia Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Alifanya kazi ya ukarani wa forodha na hakupata kukanyaga chuo kikuu. Kwa kipimo cha mtaani cha leo pengine tungesema "aliishia njiani". Vitabu vyake ndivyo wasomi wanavyofanyia mitihani.

Nyumbani tufanye nini

Sisemi watoto wasifanye mazoezi ya shule. Wafanye, na wafaulu. Ninachosema ni kwamba mtoto anayekutana na maandishi mahali pa mtihani tu atayaogopa maisha yake yote, hata akipata cheti. Na woga huo haukai shuleni. Unamfuata dukani, zahanati, na benki anapowekewa mkataba wa mkopo mbele yake akaambiwa "saini hapa".

Kwa mtoto mdogo, anza na sauti yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Muda anaokuwa ametulia, unashauri asomewe na asimuliwe hadithi. Haihitaji kitabu cha bei. Hadithi ya sungura aliyokusimulia bibi inatosha, na gazeti la jana linafaa kumwonyesha herufi ya jina lake.

Kwa anayejua kusoma, mpe kazi ya kweli. Mwambie akusomee maelekezo kwenye paketi ya uji, tarehe kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wake, namba za umeme unapoziingiza kwenye mita. Akikosea neno, mwache amalize sentensi kwanza. Ukimkemea kwa kila kosa, sebule inageuka chumba cha mtihani.

Ukimkuta kijana wako amezama kwenye riwaya, muulize inahusu nini kabla ya kumnyang'anya. Ikiwa haifai umri wake mtazungumza, lakini utakuwa umejua kwanza anachopenda. Kama una maktaba ya mkoa karibu, mpeleke Jumamosi moja umwache achague mwenyewe, hata akichagua kile ambacho usingekichagua.

Kuhusu simu, siwezi kumkataza mtu kusomea humo wakati hata wewe unanisoma humo. Simulizi za simuni ni kusoma. Tatizo lake ni saa. Mwanga wa skrini na ile "itaendelea" vinafukuza usingizi, na kijana anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Kwangu mimi simu hubaki sebuleni ikichaji, na kitandani naingia na kitabu cha karatasi. Usiku mwingine ni kurasa ishirini, mwingine ni mbili tu kabla hakijaniangukia usoni.

Sisi watano bado tunawasiliana. Tuna kundi letu la WhatsApp ambalo asubuhi lina utani na jioni lina picha: karatasi za dawa, mikataba, barua za shule. Anayeelewa anaeleza kwa maneno ya kawaida, na likiwa suala la dawa tunamalizia kwa kumwambia mtu arudi kwa mfamasia aulize. Shoga yangu ndiye anayetuma picha nyingi kuliko wote, na siku hizi anaandika chini yake kile alichokielewa mwenyewe kabla ya kutuuliza sisi. Mara nyingi amepatia. Mwanawe sasa ana miaka kumi, na ndiye anayesoma maboksi ya dawa kwa sauti nyumbani kwao, pamoja na yale ambayo hajaombwa.

Basi jioni ya leo, kabla hujamwambia mwanao aende akasome, mwite akae karibu nawe. Chukua dawa yoyote iliyopo kabatini, mpe boksi tu, chupa baki nayo wewe, na mwombe akusomee kilichoandikwa. Sikilizeni pamoja mpaka mwisho, ikiwamo tarehe ya kuisha muda wake.