Mtihani wa Karanga: Siku niliyomtolea jasho farasi wa watu

Wiki hii hatuendi ufukweni wala hatuendi kwenye muziki. Tunakwenda Nairobi, upande wa Karen, kumwangalia farasi mmoja kijana akifanya mtihani. Usicheke. Mimi mwenyewe nilicheka kabla sijaenda, nikarudi nimenyamaza.

Kisa chenyewe kilianza kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye aliondoka Dar zamani kwenda kutafuta maisha, na maisha akayakuta kwenye banda la farasi. Kazi yake ni saisi. Kwa waliolala darasani, saisi ni mtunza farasi: anamlisha, anamsugua, anamtembeza, anamsafisha kwato, na akiugua usiku saisi ndiye anayekesha naye. Tangu niko mdogo, mjomba akija likizo hadithi zake ni farasi tu, mpaka mama anamwambia, "Kaka, si uwaoe kabisa hao farasi!"

Safari hii akanipigia simu. "Mjomba, njoo uone kijana wangu. Jumapili ana mtihani, na akifeli wanamuuza."

Nikapanda basi. Dar, Arusha, Namanga, mpaka mgongo ukaomba poo. Nairobi nikadaka matatu ya Karen, nikashukia kwenye miti mirefu na mageti makali, na mjomba akanipokea akiwa ananuka nyasi kavu.

Kijana mwenyewe anaitwa Karanga. Ana miaka mitano na rangi yake ni ya karanga iliyokaangwa ikaiva vizuri. Alizaliwa awe farasi wa mbio, wa kukimbia pale Ngong Racecourse, uwanja uliofunguliwa mwaka 1954. Lakini mbio zikamshinda, maana wenzake wakitoka shoti yeye anashangaa watu. Akauzwa kwa bei ya kutupa kwa dada mmoja ambaye Jumatatu mpaka Ijumaa anahangaika na mahesabu ofisini na Jumapili anapanda farasi. Dada huyo si milionea, na mshahara wake wote unaishia kwenye nyasi na kwato.

Sasa hapa naomba niwape darasa kidogo, maana hata mimi nilipewa. Mchezo wenyewe ni mashindano ya ridhaa ya siku moja, na ndani yake kuna mitihani mitatu, kwa farasi huyo huyo na mpandaji huyo huyo. Kwanza dresaji, ambayo mimi naiita kwata ya farasi. Pili ni kuruka viunzi uwanjani, vile vya miti inayoanguka ikiguswa. Tatu ni mbio za nyika, ambazo viunzi vyake ni magogo mazito yasiyoanguka, mitaro, vilima na dimbwi la maji. Kila kosa linaongeza alama mbaya, na mwenye alama chache ndiye bingwa. Yaani ni kama gofu, mwenye kidogo ndiye mwenye nyingi.

Mchezo huu ulitoka jeshini. Farasi wa askari alitakiwa awe na adabu kwenye gwaride, pumzi porini, na nguvu ya kuendelea na kazi baada ya hapo. Ulipoingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, walioruhusiwa ni maofisa wa jeshi tu. Wanawake walisubiri mpaka Tokyo mwaka 1964, Mmarekani Lana du Pont alipofungua njia na kurudi na medali ya fedha ya timu. Leo wanaume na wanawake wanashindana pamoja, hakuna cha upendeleo.

Na kabla hujauliza kwa nini kwetu farasi ni adimu, jibu ni mbung'o. Sehemu nyingi za nchi yetu mdudu huyo hampi farasi nafasi. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kuna ubaridi wake, na farasi anapata ahueni. Lakini hata huko kuna usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyoleta ugonjwa hatari wa farasi usio na dawa ya kuutibu. Kinga ni chanjo ya kila mwaka, na jua likianza kuzama farasi aingie bandani. Mjomba anaogopa magharibi kama watoto wanavyoogopa mchawi.

Haya, turudi kwa Karanga. Ubaya wake ni mmoja: maji. Kwenye shindano lililopita alifika dimbwini, akagoma. Akarudishwa, akagoma. Mara ya tatu akagoma tena, na kwa sheria ya mchezo hapo hapo wakatolewa. Dada wa watu akarudi nyumbani kwa aibu, na mzee mmoja mwenye shamba akaleta ofa ya kumnunua Karanga akavute mizigo na kubeba wageni. Dada akasema, "Tumpe nafasi moja zaidi."

"Hivi anaogopa nini?" nikamuuliza mjomba.

"Mjomba, wewe ukifika kwenye maji unajua ni ya kifundo cha mguu au ni ya kukuzamisha? Yeye hajui. Halafu macho yake yako pembeni ya kichwa. Anaona karibu kila upande, lakini hapa mbele ya paji la uso na chini ya pua haoni. Akikaribia kitu, kinapotea. Anaingia kwa kukuamini tu."

Basi kwa wiki sita, kila asubuhi usubi ukishatulia, mjomba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye kijito kilicho nyuma ya mabanda akiwa ameshika kamba. Hakuvuta wala hakuchapa. Alisimama ndani ya maji anaimba nyimbo za kwao. Siku ya kwanza Karanga alikaa nchi kavu saa nzima. Siku ya nne akaweka ukwato mmoja, akautoa, akaunusa. Wiki ya tatu akaingia. Mjomba alipata mafua ya kudumu, lakini kijana alianza kunywa maji ya kijito.

"Tatizo," akasema, "Jumapili mimi sitakuwa kwenye maji."

Siku ya mtihani tuliamka saa tisa usiku. Mjomba alimsuka Karanga nywele za shingoni, vifundo kumi na tatu kwa uzi na sindano, vimenyooka kuliko vya saluni za Kinondoni. Nikashika tochi na kupiga miayo. Kumpandisha kwenye lori peke yake kulichukua dakika arobaini, maana kijana aliamua lori ni mdomo wa simba. Mjomba akakaa ndani ya lori na ndoo ya shayiri, akawa anatafuna punje yeye mwenyewe kwa sauti. Karanga akaona anadhulumiwa, akapanda.

Uwanja ukawa na malori, magari ya kifahari, watoto waliovaa kofia ngumu, mbwa wengi kuliko mkutano wa hadhara, na chai kwenye chupa. Nikajisikia kama nimekosea harusi. Lakini nikagundua kitu: kila nikigeuka, pembeni ya kila farasi kuna mzee au kijana mmoja mweusi ameshika kamba, na wote wanajuana. Masaisi. Wanasalimiana kwa majina ya farasi. "Baba Karanga, vipi?" "Poa, Baba Malaika."

Saa tatu kasorobo, kwata. Uwanja mdogo wa mita 20 kwa 40, na pembeni zimewekwa herufi: A, K, E, H, C, M, B, F. Zimepangwa kama mtu aliyekosa majibu ya mtihani. Unaingia kwenye A, unasimama katikati kabisa, unamsalimu mwamuzi, halafu unazunguka miduara na kubadili mwendo kwenye herufi uliyoambiwa. Karanga akaingia vizuri. Akasimama. Dada akasalimu. Ndipo mwamuzi akafungua mwavuli wa jua.

Mama yangu! Karanga akaruka pembeni kama kakanyaga moto. Dada akabaki juu, uso umetulia, mkono mmoja unambembeleza shingoni. Wakamaliza. Alama asilimia 62, maana yake mzigo wa alama mbaya 38. Mjomba akashusha pumzi. "Zamani angemaliza nje ya uwanja," akasema.

Viunzi vya uwanjani vilikuwa tisa, urefu sentimeta 80. Kila mti ukianguka ni alama nne. Karanga aliangusha miwili, nane hizo, lakini kwa sababu ya raha, si woga. Alikuwa anageuza kichwa kuangalia watu wanaopiga makofi. Sio siri, hapo nikaanza kumpenda. Mshikaji ana swaga kidogo.

Halafu mbio za nyika. Kama kilometa mbili, viunzi kumi na vinane, na dimbwi ni namba kumi na moja. Akigoma mara ya kwanza ni alama 20. Kila sekunde ya kuchelewa ni sifuri nukta nne. Na mtu wa pembeni haruhusiwi kumsaidia wala kumwita. Ukimpigia mluzi tu, unaweza kumponza.

Nilidhani mjomba atasimama mbele kabisa. Wapi! Tulipofika karibu na dimbwi alisimama nyuma ya kamba, akageuka, akaangalia mti.

"Mjomba, kuangalia siwezi. Wewe niambie. Usiniambie habari za miguu. Niambie masikio yako wapi."

Yule mzee wa shamba alikuwa ng'ambo ya pili, mikono mfukoni, anasubiri mali yake.

Tukasikia kwato kabla hatujaona kitu. Wakatokea kwenye miti, shoti, dada ameinama mbele, matope yanaruka.

"Masikio?"

"Mbele. Yote mawili mbele."

"Endelea."

"Bado mbele. Ameyaona maji. Moja limerudi nyuma. Amepunguza... mjomba, amesimama."

Karanga alisimama ukingoni kabisa, miguu ya mbele imepigwa breki, pua inatoa upepo kama pampu. Akarudi hatua mbili. Mtu wa alama akaandika. Ishirini. Ng'ambo, yule mzee akatabasamu kidogo. Mimi nikiwa na jasho mgongoni na nauli ya watu wengine mfukoni, nikajikuta naomba dua kwa ajili ya mnyama.

Dada hakuchapa. Alikuwa na fimbo, hakuitumia. Akamgeuza taratibu, akampeleka mbali hatua ishirini, akamwelekeza tena. Halafu, naapa, nikamsikia anaimba. Sauti ndogo, inayumba, maneno ameyakosea nusu. Ulikuwa wimbo wa mjomba.

Mjomba akageuka.

"Masikio?" akauliza, ingawa sasa alikuwa anaona mwenyewe.

"Moja kwake, moja kwenye maji."

Karanga akaja kwa mwendo wa kutembea. Akanusa. Akaweka ukwato mmoja. Dunia ikasimama, hata mbwa walinyamaza. Akaweka wa pili. Halafu akaingia mzima mzima, maji yakaruka, akatoka upande wa pili na kuupanda ukingo kama mbuzi. Nikapiga kelele ya Simba na Yanga mpaka mama mmoja mwenye kofia kubwa akanigeukia. Mjomba hakupiga kelele. Alivua kofia yake, akajifuta nayo uso.

Walichelewa sekunde 45, hizo ni alama 18. Jumlisha mwenyewe: 38, nane, ishirini, kumi na nane. Jumla 84. Nafasi ya kumi na moja kati ya kumi na nne. Bingwa alikuwa na 31. Hakuna utepe kwa wa kumi na moja, hakuna hata soda.

Lakini nendeni mkamwone mjomba alivyompokea yule kijana. Kalegeza tandiko, kamtembeza, kammwagia maji na kuyafuta, kamwagia tena. Akaweka vidole viwili chini ya taya kuhesabu mapigo ya moyo. Farasi aliyepumzika moyo wake unapiga mara 28 mpaka 44 kwa dakika. Akatembeza, akahesabu, akatembeza tena, mpaka aliporidhika. Ndipo alipokunywa maji yeye mwenyewe, kwenye ndoo ile ile.

Mzee wa shamba akaja. "Kwa hiyo, dada?"

Dada alikuwa amekaa chini, buti zimejaa matope. "Samahani, mzee. Bado tuko shuleni." Kisha akamgeukia mjomba: "Mzee, kesho kijitoni saa ngapi? Na mimi nakuja kabla ya kazi."

Tulirudi bandani jua halijazama, kwa sababu ya usubi. Njiani nikafungua karatasi ya ratiba. Kuna jina la farasi, jina la mpandaji, jina la mwenye farasi. Nikatafuta safu ya saisi mbele na nyuma. Haipo. Wiki sita ndani ya maji baridi, na karatasi haina hata kistari chake.

Nikamwambia, "Mjomba, nitakuandika gazetini. Jina lako lote, la kwako na la babu."

Akacheka mpaka akakohoa mafua yake. "Usiandike jina langu. Andika kwamba aliingia."

Basi, wapenzi wasomaji, nimeandika. Karanga aliingia. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.