Pole ya Elfu Ishirini Siyo Fidia, Jamani!

Ukitaja Lupaso, wengi wanamkumbuka marehemu Mzee Mkapa. Mimi nakumbuka kidole cha dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyetoka pale kwenda kubangua korosho kiwandani. Jina lake naliacha.

Kwa msiojua, ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu mikononi wajikinge. Dada ngozi ilianza kubabuka, halafu siku moja mashine ya kukatia ikampitia kidole cha shahada. Msimamizi akampa elfu ishirini: "Pole dada, ndiyo ajali kazini."

Sasa hiyo "ajali kazini" ndiyo yenye fidia! Sheria ipo tangu 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, wewe hukatwi hata senti. Ukiumia kazini, matibabu yapo. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara. Ila madai yapelekwe ndani ya miezi 12.

Dada kayajua haya mwezi wa 14. Kimya chake wenzake walikiita uvumilivu. Aisee, uvumilivu gani huo unaomwokolea bosi hela?

Una ndugu kiwandani? Mwambie leo: akiumia atoe taarifa siku hiyohiyo, atunze karatasi za hospitali, na akumbuke nani aliona. Elfu ishirini apokee tu, lakini asiseme yameisha.